Daftari la Nyapara

Jumatatu ya tarehe 20 Februari 2023, BBC ilipeperusha kipindi cha Panorama kilichorekodiwa katika mashamba ya majani chai ya Kericho. Ndani yake mna msichana, mwandishi wa siri wa BBC mwenye kamera iliyofichwa, anayejifanya anatafuta kazi, aliyepewa jina la Katy ili lake la kweli lisijulikane. Ameitwa kwenye usaili. Anapofika anakuta usaili wenyewe ni katika chumba cha hoteli, na anayemngoja ni mwanamume anayeitafutia kampuni ya James Finlay vibarua. Bwana huyo anambana kando ya dirisha, anamtaka avue nguo, anamweleza kwamba pesa zipo na kazi ipo, mradi naye asaidiwe. Kinachomwokoa msichana ni simu. Mmoja wa waandaaji wa kipindi alikuwa amewekwa karibu, akapiga, Katy akapata kisingizio cha kutoka.

Mimi ni mpenzi mkubwa wa tamthilia za uhalifu, hasa zile zinazotisha bila kumwaga damu, na sijaona sehemu ya tamthilia yoyote iliyonikaa moyoni kama dakika hizo. Kila nikizirudia, mawazo yangu hukwama kwenye ile simu. Msichana wa Konoin au Bureti anayeingia chumba kile bila kamera ya siri hana mtu wa kumpigia. Nyumbani wanajua ameenda kutafuta kazi na wanamwombea aipate. Akirudi mikono mitupu ataulizwa kilichomshinda, na hilo ni swali ambalo hana jibu analoweza kulitamka mbele ya baba yake.

Kipindi kile kilikusanya sauti za wanawake zaidi ya 70 waliosema wamenyanyaswa na wakubwa wao katika mashamba yaliyomilikiwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Mmoja alisema msimamizi wake alimwambukiza virusi vya ukimwi. Wengine walisema walikataa, na kazi ikaisha. Ni kipindi cha habari, si tamthilia. Hata hivyo naandika habari zake kama mtazamaji wa tamthilia za kutisha, kwa sababu naamini tamthilia hizo zimetufundisha kuangalia uhalifu kwa namna fulani, na namna hiyo ndiyo inayotufanya tushindwe kuielewa Kericho.

Chukua mfano wa Hannibal, tamthilia ya Marekani iliyoonyeshwa na NBC kuanzia 2013 hadi 2015, misimu mitatu, sehemu 39. Mhusika mkuu, anayeigizwa na Mads Mikkelsen, ni daktari wa akili mwenye adabu, msomi, mpishi hodari, na mla watu. Msimu wa kwanza kila sehemu imepewa jina la chakula au hatua ya mlo kwa Kifaransa. Kitisho chake kikubwa hakiko kwenye maiti. Kiko mezani, pale wageni wanaposifu nyama laini na kuomba waongezewe, nasi watazamaji tunajua wanachokitafuna. Waandishi wa tamthilia ile walikuwa na kipaji cha kutisha kwa sahani safi na kitambaa kilichopigwa pasi. Mwaka huohuo wa 2013 sehemu yake ya nne, iliyohusu watoto wanaogeuzwa kuwa wauaji wa familia zao, iliondolewa kwenye ratiba ya NBC kwa ombi la mtunzi mwenyewe, Bryan Fuller, aliyeona kwamba wakati ule ingewaumiza watu. Nilipenda uamuzi huo, kwa kuwa ni vizuri mtunzi kujua hadhira yake ina majeraha gani. Wanawake wa Kericho hawakuwa na mtu wa kuwaondolea sehemu yao kwenye ratiba.

Panorama ilipoingia sebuleni mwa Waingereza, iliwafanyia watazamaji kile ambacho Hannibal huwafanyia wageni wake hatimaye: iliwaambia kilichokuwemo kwenye kikombe. Kampuni zilizotajwa zilikuwa zikiuza majani kwa maduka makubwa kama Tesco na Sainsbury's, na kwa mikahawa ya Starbucks. Watu wa kule walishtuka kwa dhati, sina sababu ya kutilia shaka. Lakini mshtuko wao ulikuwa wa mgeni mezani. Huo humhusu aliyekula. Aliyepikwa ana habari zake nyingine.

Hapo ndipo ninapogombana na tamthilia ninazozipenda. Zimetuzoesha kumtafuta jitu. Mhalifu wa runinga ana akili za ajabu, anasikiliza muziki wa zamani, anaacha vidokezo kwa makusudi, na mpelelezi anayemfuata lazima naye awe mtu wa ajabu. Akishakamatwa, hofu inaisha na majina ya waigizaji yanapanda kwenye kioo. Wanaume waliorekodiwa Kericho hawana lolote la ajabu. Ni watu wa aina ile unayoikuta kwenye harambee na kanisani, wenye ng'ombe wa maziwa na watoto shuleni, wanaosalimiwa kwa heshima kituo cha matatu. Hawakuhitaji akili nyingi. Walihitaji daftari tu, lile ambalo jina likiandikwa unakula, lisipoandikwa unalala njaa.

Kuna tukio jingine katika kipindi kile ambalo mwandishi yeyote wa tamthilia angelionea wivu. Katy amepata kazi Unilever. Siku ya kuwakaribisha wafanyakazi wapya, meneja wa divisheni anasimama mbele yao na kuwahutubia kwamba kampuni haivumilii hata kidogo unyanyasaji wa kingono. Anaeleza vizuri. Jioni ya siku hiyohiyo meneja yuleyule anamwita Katy kwenye baa ya hoteli na kujaribu kumlazimisha walale pamoja. Hotuba na mwaliko, siku moja, kinywa kimoja.

Wengi waliona hapo unafiki wa mtu mmoja. Mimi naona sheria ikitekelezwa barabara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taarifa ya sera kuhusu unyanyasaji wa kingono, na wafanyakazi waelezwe. Kampuni ilikuwa nayo, na wafanyakazi walielezwa. Sheria ikaridhika. Yule aliyekabidhiwa kazi ya kuisoma ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuamua nani apalilie kwenye tope na nani apewe kazi nyepesi, na hakuna kifungu kilichomnyang'anya uwezo huo hata kwa jioni moja.

Anayetaka kujua uwezo huo unavyofanya kazi aingie shambani. Asubuhi umande ukiwa bado kwenye majani, mchumaji anajifunga aproni ya plastiki kiunoni ili maji yasimloweshe, kikapu mgongoni, na anasimama kwenye mstari aliopewa. Ana ufito anaoulaza juu ya mimea ili uso wa shamba ubaki sawasawa. Vidole vinafuata majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hadi kiganja kijae, kisha vinarusha nyuma ya bega bila macho kugeuka. Analipwa kwa kilo. Sasa hesabu mikono mingapi ya wakubwa imekwisha kumgusa kabla hajaiona shilingi. Mmoja ndiye aliyeandika jina lake. Mwingine amempa mstari, na mstari si mstari: upo wenye majani mazito, upo uliochumwa juzi, upo wa mteremko unaoteleza. Karani wa mizani ndiye anayesoma kilo na kukata za maji na kikapu. Mwingine anaamua kesho atarudi kuchuma au atapelekwa kupalilia. Mvua ya mawe ikipiga, na Kericho inapiga kweli, majani yanapukutika, kazi inapungua, na mtu fulani anaamua ni akina nani watakaa nyumbani.

Na hata hapo nyumbani si kwake. Mashamba makubwa yalijengwa tangu miaka ya 1920, enzi za Brooke Bond na Finlay, kama nchi ndogo zinazojitegemea: nyumba za kampuni, shule ya kampuni, zahanati ya kampuni, barabara ya kampuni yenye geti na bawabu. Kwa mama mwenye watoto watatu, kukosana na msimamizi maana yake ni kufungasha godoro, kuwatoa watoto darasani katikati ya muhula, na kukatiza dawa za mtoto anayeugua pumu. Mwanamume anayemsumbua anaishi mtaa wa pili. Na mke wa mwanamume huyo hukutana naye bombani.

Katika Hannibal mhusika hutoroka, hufunga mlango, hupiga simu kwa polisi. Mtunzi akitaka kutisha zaidi humwekea mhusika wake nyumba ambayo kila mlango unafunguka ndani ya nyumba ileile. Nyumba hiyo ipo. Watu wanaamka ndani yake alfajiri na kwenda kazini.

Halafu kuna sheria ya jinai. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, iliyopiganiwa Bungeni na Njoki Ndung'u huku baadhi ya wabunge wanaume wakiifanyia mzaha, ilikuwa hatua kubwa, na bila hiyo tungekuwa pabaya zaidi. Kifungu chake cha 23 kinamgusa mtu mwenye mamlaka anayemtongoza aliye chini yake: kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Ila kosa hilo halitimii hadi ionekane kwamba mkubwa alirudia na kurudia akijua hatakiwi. Kwa karani wa ofisi ya mjini mwenye barua pepe na mashahidi, huenda hilo likathibitika. Kwa kibarua wa msimu anayeulizwa mara moja tu, kwa sauti ya chini, kati ya mistari miwili ya chai, kisha jina lake likakosekana kwenye orodha ya wiki inayofuata, ushahidi wa kurudiarudia utatoka wapi? Aliulizwa mara moja kwa sababu mara moja ilitosha. Ningependa kumwona mbunge mmoja kutoka Bomet au Kericho akipeleka mswada wa kurekebisha kifungu hicho, kwamba pale kazi inapofungwa na ngono, mara moja ni kosa kamili.

Baada ya kipindi kuonyeshwa mambo yalikwenda mbio, kama yanavyokwenda dakika tano za mwisho za tamthilia. Unilever, iliyokuwa imeuza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC wakati kipindi bado kinatayarishwa, ilisema imeshtushwa na kuhuzunishwa. Mmiliki mpya, aliyekuja kuitwa Lipton Teas and Infusions, aliwasimamisha kazi mameneja wawili na kuagiza uchunguzi huru. James Finlay ilimsimamisha mkandarasi wake na kupeleka habari kwa polisi. Starbucks ilisitisha ununuzi. Bungeni Nairobi, Mwakilishi wa Wanawake wa Kericho, Beatrice Kemei, alilisimamia suala hilo, na Naibu Spika Gladys Boss Shollei akaagiza kamati ichunguze. Yote hayo yalistahili kufanywa. Lakini tazama yanavyofanana na mwisho wa tamthilia: jitu limeondolewa, sasa tupumue. Daftari lilibaki mezani, na kiti kikapata mtu mwingine wa kukikalia.

Ninasema hivi kwa kuwa haikuwa sehemu ya kwanza ya mfululizo huu. Zaidi ya miaka kumi kabla ya Panorama, Unilever ilikabiliwa na tuhuma za aina hiyohiyo katika mashamba hayohayo, na ndipo ilipoleta ile kauli ya kutovumilia, pamoja na utaratibu wa kupokea malalamiko. BBC ilikuta ushahidi kwamba malalamiko yaliyopelekwa hayakuwa yakifanyiwa kazi. Na kabla ya hapo kulikuwa na Desemba 2007 na wiki zilizofuata, ghasia za uchaguzi zilipoingia hadi kwenye nyumba za wafanyakazi wa Unilever Kericho. Watu waliuawa, wanawake walibakwa. Wafanyakazi 218 walikwenda kudai haki London, wakisema kampuni mama ilipaswa kuwalinda. Julai 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikataa: kampuni mama haikuwa na wajibu huo kwao, usimamizi wa mambo hayo ulikuwa wa kampuni ya hapa. Wazee wetu walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wafanyakazi wale waliambiwa na majaji kwamba fimbo hata haikuwa yao.

Nimesikia wakulima wa Bomet wakilalamika kwamba kipindi kile kiliichafua chai yote. Malalamiko hayo siyapuuzi. Mkulima mwenye ekari moja Kapkoros au Mogogosiek anayepeleka majani yake kwenye kiwanda cha wakulima wadogo hakumnyanyasa mtu, na bei ikishuka mnadani Mombasa ni bonasi yake inayoyeyuka. Lakini hasira hiyo inaelekezwa kwa aliyewasha taa. Ielekezwe kwa aliyekuwa akifanya yale gizani, maana yeye ndiye aliyeiuza heshima ya majani ya jirani yake.

Miezi mitatu baadaye, Mei 2023, vijana wenye hasira waliteketeza mashine za kuchumia majani Kericho. Vyombo vya habari viliripoti habari hiyo kama jambo jingine kabisa: huku ngono, kule mashine. Naona ni jambo moja. Mashine moja inafanya kazi ya watu wengi, na kila inapoingia shambani, nafasi zilizobaki zinapanda thamani. Zikipanda thamani, anayezigawa anapanda naye. Kibarua kikiwa adimu, msimamizi hahitaji kutisha mtu. Foleni iliyo nje ya geti inatisha kwa niaba yake. Wapo wanaosema kwa nia njema kwamba mashine ndiyo suluhisho, kwa kuwa mashine haimtongozi mtu. Hao wamesahau kuwahesabu wanawake watakaobaki wakigombea kazi ya kupalilia pale ambapo mashine haifiki.

Na runinga yetu je? Tuna vipaji. Mwaka 2021 Showmax ilianza kuonyesha Crime and Justice, yenye Sarah Hassan na Alfred Munyua, ikichota visa vyake kwenye vichwa vya habari vya Nairobi. Ilithibitisha kwamba mtazamaji wa Kenya atakaa mbele ya kisa cha uhalifu kinachozungumza kwa lafudhi yake. Ninachokitamani ni kisa cha namna hiyo kinachotoka Kericho, kwa Kiswahili, Kikipsigis na Kigusii kama watu wanavyozungumza kwenye mistari, na kinachotisha kama Hannibal inavyotisha: bila kuonyesha tendo. Kamera isiingie chumbani. Ibaki kwa yule anayengoja orodha isomwe. Ionyeshe mizani, macho ya karani, chupa ya chai ya maziwa ikipitishwa, mwanamke mmoja akihamishwa kutoka kwenye majani mazito bila maelezo na wenzake wakijua sababu na kunyamaza, kwa kuwa kila mmoja ana mtoto shuleni mwa kampuni. Mtunzi asimpe mkosaji akili za ajabu wala utoto wenye majonzi wa kumsingizia. Ampe daftari na kalamu, atuonyeshe vinavyotosha.

Kuna hatari hapa, na nimeifikiria sana. Maumivu ya wanawake wale yakigeuzwa burudani, tutakuwa tumewatumia mara ya pili. Panorama ilibadilisha jina na kuficha sura, na hiyo ni heshima ya chini kabisa. Mtunzi wa hapa itambidi afanye zaidi: akae na wanawake hao kabla ya kuandika, awasomee alichoandika, na akiambiwa hapa hapana, akubali.

Tangu kipindi kile kionyeshwe, mashamba yamebadilisha mikono tena. Mwaka 2023 James Finlay ilikubali kuyauza yake kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, na mwaka uliofuata Lipton nayo ikatangaza kuwauzia hao hao. Katika mauzo kama hayo huhesabiwa hekta, viwanda, magari, na miche. Bunge, chama cha wafanyakazi wa mashamba na serikali za kaunti za Kericho na Bomet wana haki ya kuuliza majalada ya malalamiko yamekabidhiwa kwa nani, yako mangapi, na kila moja limefikia wapi. Waulize pia kama nafasi za vibarua sasa zinabandikwa ukutani, kwa majina na kwa zamu, mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, au kama asubuhi ya leo bado ziliandikwa na mtu mmoja kwenye daftari lake.